Wasio na Mpira Wanafanya Nini

Macho ya baba yalianza kwa kukosea rangi. Alikuwa fundi cherehani hapa Kinyangiri tangu kabla sijazaliwa, na siku mteja mmoja aliporudisha sare ya mwanawe iliyoshonwa kwa uzi wa kijani badala ya bluu, baba alisema muuza uzi ndiye aliyekosea. Mwezi uliofuata alijishona kidole. Baada ya hapo hakubishana tena. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Singida mjini na cherehani yangu, na ufundi nilionao alinifundisha mwenyewe, basi nikahamia kwenye kiti chake pale barazani senta, naye akahamia kwenye benchi la wateja.

Zahanati walimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walisema iko siku madaktari wa macho watakuja hospitali ya misheni na watamfanyia upasuaji. Siku hiyo ilichukua karibu miaka miwili kufika. Muda wote huo baba aliona mwanga na vivuli. Mtu akisimama mbele yake alijua ni mtu, ila hakujua ni nani mpaka asikie shikamoo yake.

Kazi aliikosa, lakini mpira aliukosa zaidi. Namba zote za mgongoni kwenye jezi za timu ya kijiji alizishona yeye, kwa kitambaa cheupe, na kila Jumamosi ya ligi ya kata alikuwa pembeni mwa uwanja wa shule ya msingi, jua liwake au upepo uvume. Alipoacha kuona aliacha kwenda. Alikaa nyumbani Jumamosi mbili akikosoa kila kitu, chumvi ya mboga, mlango unaolia, kuku wanaopita sebuleni, mpaka mama akaniita pembeni akaniambia nimpeleke baba uwanjani, la sivyo atahama yeye.

Nikampeleka. Nilimwekea stuli karibu na kona, upepo ukiwa mgongoni ili vumbi lisimpige usoni, nikaanza kumsimulia. Mpira uko katikati. Mpira umeenda kulia. Mpira umetoka. Nilidhani nafanya vizuri. Kipindi cha kwanza kilipokwisha aliniwekea mkono begani.

"Mwanangu, mpira nausikia," alisema. "Unapopigwa nausikia, na watu wakipiga kelele najua umefika wapi. Wewe niambie wasio na mpira wanafanya nini."

Sikuwa nimewahi kuwaangalia hao. Nilikuwa nimekulia kwenye kelele za mpira, lakini nilikuwa naangalia kama watu wote wanavyoangalia, jicho linafuata mpira. Kipindi cha pili nilijitahidi, na kichwa kiliniuma. Kila nilipomtazama mtu asiye na mpira, uwanja mzima ulilipuka kwa kelele na mimi nikawa sijui kimetokea nini. Ilinichukua wiki nyingi. Taratibu nikaanza kuona kwamba beki wa kushoto wa timu yetu akichoka hushika kiuno, kwamba kiungo mmoja huomba pasi kwa mkono huku anajificha nyuma ya mpinzani asipewe. Baba alicheka sana niliposema hilo. Alisema huyo hata yeye alimjua tangu anaona.

Tatizo lilikuwa namba tisa.

Namba tisa alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu. Alikuwa kijana mrefu, mpana, mpole, mwenye miguu isiyopenda haraka. Aliivaa jezi ile kwa sababu aliyekuwa akiivaa alikwenda kusoma Dodoma na hakukuwa na mwingine wa umbo hilo. Msimu huo wote alikuwa amefunga goli moja tu, tena la penalti. Magoli ya wazi aliyokosa sitayataja yote. Mara moja alibaki yeye na goli tupu, akaupiga mpira ukampata mbuzi aliyekuwa anakula majani nyuma ya goli, na kwa muda mrefu watoto wa shule walimwita Mbuzi.

Uwanjani baba hakumwita kwa jina wala hakusema "mdogo wako". Aliuliza, "Namba tisa yuko wapi?" Nami nilimpunguzia makali. Akipoteza mpira nilisema amezidiwa na watatu. Akianguka nilisema ameangushwa. Siku moja alisimama mechi nzima kama nguzo, sikuwa na la kusema, na baba akauliza kwa mara ya tatu namba tisa anafanya nini. Nikakumbuka maneno niliyowahi kuyasikia kwa mtangazaji wa redio.

"Anavuta mabeki," nikasema.

"Wangapi?"

"Wawili."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole. "Wawili si haba," alisema.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi aliuliza, na kila Jumamosi nilijibu wawili. Sikuangalia tena. Lilikuwa jibu la kumtuliza mzee, na mimi niliona halina madhara.

Kisha timu ikacheza mechi tatu mfululizo bila kupata goli, na Jumapili moja mchana, watu walipotoka kanisani, mashabiki wakakusanyika barazani kwetu. Mwenyekiti wao alikuwa Mwislamu mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti, mtu wa sauti nzito kwa sababu ya kuzoea kuzungumza juu ya mlio wa injini. Alikuja na fuko la jezi za kushona zilizochanika, lakini shauri lake hasa lilikuwa jingine. Alisema safu ya ushambuliaji imekufa, na kabla ya kwenda kwa kocha, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, mashabiki wakubaliane wenyewe nani anafaa na nani hafai.

Hawakukubaliana hata namna ya kupima. Mwenyekiti alisema mshambuliaji kazi yake ni kufunga, asiyefunga hana hoja, kama vile mashine yake isipotoa mafuta hakuna mteja atakayesifu mlio wake. Mwingine akasema hapana, magoli yenyewe hayafanani, kuna goli la kumfunga kipa hodari na goli la kumfunga kipa aliyekuja na malapa. Mtu mmoja wa makamo alisema wote wanaonewa, uwanja una mashimo. Kijana wa bodaboda akatoa simu. Alikuwa ameandika humo kila goli la msimu na kila pasi ya goli, na alisoma kwa sauti kama karani. Winga wetu wa kulia alikuwa juu kabisa. Aliyefuata ni yule mdogo mdogo anayecheza nyuma ya mshambuliaji. Namba tisa alikuwa wa mwisho, chini ya beki mmoja.

"Data haidanganyi," kijana alimaliza. "Tisa akae benchi. Samahani, mzee wangu, najua ni mwanao, lakini ndivyo ilivyo."

Baba alikuwa kwenye benchi la wateja, mikono juu ya magoti. Alimjibu kwa upole kuliko nilivyotarajia. Alisema hakuna samahani, uwanjani hana mwana. Kisha akasema data ile ni nzuri, ila inaanza mpira ukiwa umeshafika golini. Akauliza nani ameandika kilichotokea kabla ya hapo. Winga anapita upande wa kulia kila mara akiwa na beki mmoja tu mbele yake, mabeki wengine wamekwenda wapi?

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali ya cherehani na ulikuwa umesimama.

"Namba tisa anavuta mabeki wawili kila mechi," baba akasema. "Mkimtoa, hao wawili watarudi kwa winga wenu, na hiyo simu haitaandika tena kitu."

Mwenyekiti akauliza, kwa heshima lakini aliuliza, fundi ameyaona wapi hayo ilhali macho yake yanajulikana. Baba akanyoosha kidole upande wangu. Alisema macho yake ni haya, tena ni mazuri kuliko ya zamani kwa sababu hayafuati mpira.

Watu wote wakanigeukia. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Ningesema kwamba neno lile nililitoa redioni na sikuwahi kuhesabu beki hata mmoja. Lakini baba alikuwa amekaa wima kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akikaa tangu alipoacha kazi, na watu walikuwa wanamsikiliza. Niliinamisha kichwa, na wao wakachukua hiyo kuwa ni ndiyo.

Wakabishana tena, wakapunguza sauti, mwishowe wakakubali kumwachia namba tisa mechi mbili. Baba mwenyewe ndiye aliyefunga mjadala. Alisema mechi mbili zikipita bila mabadiliko, jezi iletwe kwake na ataifumua namba tisa kwa mkono wake, wamshonee mwingine.

Wiki ile nilikuwa na wakati mgumu. Usemi wa baba ulikuwa umesimama juu ya uongo wangu, na yeye ni mtu ambaye watu walimwamini kwa kipimo cha kiuno na kipimo cha mkono kwa miaka yote hiyo. Nilifikiri kumwambia mdogo wangu, nikaona nitamtia hofu bure. Mama nilimwambia. Alinisikiliza akipepeta uwele, akasema, "Ulisema kwa huruma. Basi usiendelee." Hilo tu.

Jumanne nikafungua fuko la jezi. Nyingi zilikuwa na mambo ya kawaida, mshono wa kwapa umeachia, pindo limeng'oka. Jezi ya winga haikuwa na kitu. Niliiacha ya namba tisa mpaka mwisho kwa sababu sikutaka kuitazama, na nilipoitandaza juu ya meza nikaona imechanika mabega yote mawili. Si kwenye mshono. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimevutwa mpaka kikaachia, bega la kushoto kwa nyuma na bega la kulia kwa nyuma, na viraka nilivyokwisha kuweka zamani vilikuwa hapo hapo. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeishona jezi ile kila baada ya mechi, mara nyingine bega hili, mara nyingi yote mawili, na nilikuwa nikimlaumu mdogo wangu moyoni kwamba ni mzembe wa nguo.

Mtu mmoja hawezi kukuvuta mabega yote mawili kwa nyuma huku anakimbia. Nilikaa na jezi ile muda mrefu. Sikuwa na uhakika, lakini nilipumua kidogo.

Siku mbili baadaye zahanati wakatuma ujumbe kwamba madaktari wa macho wamefika. Tulipanda basi la asubuhi, baba akiwa amevaa koti lake la Krismasi. Kwenye foleni ya hospitali alikuwa mchangamfu kuliko wote, akawatania wazee wenzake, lakini walipomwita alinishika mkono. Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Muuguzi aliniambia nisubiri nje. Niliomba sala zote ninazozijua, na katikati ya sala, Mungu anisamehe, niliwaza pia kwamba sasa ataona mechi.

Asubuhi yake walimtoa bandeji. Muuguzi alimwambia afungue jicho taratibu. Baba akalifungua, likawa linatoa machozi, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mbele na nyuma, kisha akanitazama mimi kwa muda hata nikaona haya.

"Mvi hizi umeanza lini?" akauliza.

Nilicheka, nikalia, muuguzi akanipa kitambaa cha kufutia uso, na baba akaendelea kuzitazama mvi zangu kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine.

Alipewa dawa ya matone na miwani nyeusi, akaambiwa asiiname na asikae kwenye vumbi. Mechi ya kwanza kati ya zile mbili ilipita yeye akiwa ndani. Mama alifunga mlango, na mimi nilibaki naye. Tulitoka sare bila kufungana. Mechi ya pili ikaja wiki mbili baadaye na mama akajaribu tena, lakini baba alikuwa amekwisha kuvaa miwani na kujifunga kitambaa usoni mpaka puani. Alionekana kama mtu anayekwenda kurina asali. Alikataa nimshike mkono njiani.

Uwanjani watu walimjia mmoja mmoja kumsalimia, na yeye aliwataja kabla hawajasema kitu, akifurahia. Mwenyekiti alimletea kiti. Mpira ulipoanza baba hakuniuliza neno. Nilikaa pembeni yake. Kwa mara ya kwanza tangu nilipolitunga jibu lile, nikamtazama mdogo wangu kwa kweli.

Hakuwa na kasi. Mguso wake wa kwanza ulikuwa mbaya. Lakini kila aliposogea kushoto, beki mmoja mwenye upara alisogea naye, na mwingine mwembamba akamfuata kwa nyuma akimshika jezi mahali refa asipoona. Alipokwenda karibu na kipa walikwenda wote wawili. Mara moja alikwenda kufunga kamba ya kiatu, na beki mwenye upara akasimama pale pale kumsubiri. Nilitaka kumwambia baba, nikakumbuka kwamba anaona.

Kipindi cha pili, mpira ukiwa kwa kiungo wetu, mdogo wangu alikimbilia nguzo ya goli iliyo karibu akipiga kelele apewe. Mabeki wawili wakamfuata, na wa tatu akaingia wasiwasi akajongea pia. Kiungo akaupeleka upande wa pili. Winga alikuwa peke yake, akausukuma ndani kwa utulivu kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Watu waliingia uwanjani. Mdogo wangu alikuwa chini, mmoja wa mabeki akiwa juu ya mguu wake, na hakuwa ameugusa mpira hata kidogo.

Baba hakusimama. Alivua kitambaa puani.

"Watatu," alisema.

Mechi iliisha kwa goli hilo moja. Kijana wa bodaboda alikuja na simu yake, akachuchumaa mbele ya baba. Hakusema kwamba alikosea. Aliuliza tu, huko kuvuta mabeki mtu anakuhesabuje, kila akiwavuta au mpaka goli lipatikane? Mwenyekiti akasema mpaka goli lipatikane, bila shaka, na mwingine akapinga, na baba akaingia kati, na wakaanza upya mpaka jua likawa chini na mama akatuma mtu kutuita.

Njiani nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, ila yalitoka machache. Nilisema, "Baba, lile la mabeki wawili sikuliona. Nililitunga."

Alitembea hatua kadhaa. "Najua mengine ulikuwa unaficha," akasema. "Macho yaliharibika, masikio yalikuwa mazima. Watu wakizomea nilikuwa najua wanamzomea nani."

"Sasa kwa nini ulinitetea mbele yao?"

"Sikukutetea wewe. Nilikuwa namsikia winga anapita, kila siku miguu ya watu wawili tu, wake na ya beki mmoja. Nikajiuliza wengine wako wapi. Wewe ukasema wako kwa tisa. Ikaingia akilini." Akarekebisha miwani. "Lakini hukuniambia kwamba anabishana na refa. Hilo nimeona leo na nitamsema."

Alimsema kweli, wakati wa kula, kwa Kinyiramba, ambacho baba hukitumia akitaka neno liingie. Mdogo wangu aliinamia ugali wake akisema ndiyo baba, ndiyo baba. Alikuwa na alama za vidole shingoni na furaha usoni. Mimi nilikula mara mbili. Tangu Jumapili ile ya barazani sikuwa nimemaliza sahani.

Msimu ule mdogo wangu alifunga goli moja zaidi, kwa goti, na hakuna aliyetaka tena akae benchi. Timu ilimaliza katikati. Baba alifanyiwa jicho la kushoto baadaye na sasa anashona mapindo na vifungo, kazi nyingine ameniachia. Jumamosi anakwenda mwenyewe, anatoka mapema kuliko inavyohitajika ili akawahi kubishana.

Jumamosi ya kwanza alipoondoka peke yake nilichukua nguo zangu za wiki nikafua nyuma ya nyumba. Upepo ulikuwa unatoka upande wa shule. Katikati ya kazi nikasikia uwanja mzima ukilipuka, kelele ndefu, kisha zikatulia. Sikujua nani amefunga, na hapakuwa tena na mtu wa kuniuliza. Nikakamua shuka, nikalianika.